Iktomi, buibui anayevaa kila nguo: maneno niliyowaambia Waswahili wa Sioux Falls

Wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu mliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na sisi wa Tanzania na Kenya, habari za jioni, na vijana mliojibanza huko nyuma karibu na chakula mambo vipi. Paukwa! Sawa, nimesikia pakawa, mko macho.

Nimeombwa niongee kuhusu hadithi za wenyeji wa ardhi hii na nikakubali hapo hapo, maana jambo lenyewe linaniuma. Tunaishi kwenye mji unaoitwa Sioux Falls, hapa jimbo la South Dakota, hilo jina tunaliandika kwenye fomu za kazi, kwenye barua za shule, kwenye mizigo tunayotuma nyumbani, lakini ukimuuliza mtu wetu Sioux ni nani anakutajia sinema, farasi na manyoya kichwani basi. Na hawa watu ni majirani zetu jamani! Wao wenyewe wanajiita Dakota na Lakota, wako Flandreau hapo juu kidogo tu, wako Yankton kule kwenye mto Missouri, ukienda mbali zaidi magharibi kuna maeneo yao ya Rosebud na Pine Ridge, kaskazini Cheyenne River na Standing Rock. Mnapanga nao foleni Walmart, watoto wenu wanacheza nao basketi.

Na nimeisubiri Januari makusudi. Kwa Walakota hadithi za aina hii, wanaziita ohunkakan, ni za majira ya baridi na ni za usiku, jua likishazama na theluji iko nje. Wazee wao hawakuwa wanazisimulia kiangazi watu wakiwa na kazi. Kwahiyo leo nje kuna barafu, giza limeshaingia, tuko ndani ya wakati wake.

Sasa mtu ninayetaka kumleta mbele yenu anaitwa Iktomi, Wadakota wanamwita Unktomi. Ni buibui. Lakini ni mtu pia, anatembea kwa miguu miwili, anavaa vizuri nguo za ngozi, anapaka uso rangi, ana maneno matamu na ana njaa ambayo haiishi. Wengi wenu mmeshaanza kumfikiria Sungura, na ni kweli ukoo wao ni mmoja, ila Sungura wetu mara nyingi anashinda, ni mdogo anayewapiga chenga wakubwa na sisi tunamshangilia. Iktomi anashindwa. Tena anashindwa vibaya, hadithi moja baada ya nyingine, na bado kesho yake anaamka na mpango mpya.

Chukueni hii ya bata. Iktomi anapita karibu na ziwa amebeba furushi kubwa la majani mgongoni, bata wanamuuliza Iktomi umebeba nini, anasema nimebeba nyimbo. Nyimbo! Basi bata wakamuomba awaimbie, akakataa kataa kidogo ili watamani zaidi, mwisho akajenga kibanda cha majani akawaambia ingieni ila masharti ya ngoma hii ni kwamba mnacheza mmefumba macho, atakayefungua macho yatakuwa mekundu milele. Wakaingia, wakafumba, wakacheza, ngoma inalia, na yeye anapita katikati yao na rungu anawagonga vichwa mmoja mmoja. Bata mmoja akachungulia, akapiga kelele jamani tunauawa kimbieni, waliobaki wakaruka. Yule aliyechungulia macho yake ni mekundu mpaka leo.

Hapo ungesema Iktomi kashinda. Ngoja. Akawasha moto, wengine akawatia chunguni, wengine akawafukia kwenye majivu ya moto waive. Pembeni kuna mti upepo ukivuma matawi yake yanasuguana yanalia kama mtu anayeteswa, Iktomi akakereka akapanda kuyatenganisha, yakambana. Amenasa juu kule, mara kundi la mbwa mwitu likapita kwa mbali halina hata habari naye, na yeye mwenyewe kwa mdomo wake akaanza kupiga kelele oyaa nyie msije mkagusa bata wangu! Wakaja. Wakala wa chunguni, na alipowakataza wasiwaguse waliofukiwa kwenye majivu ndo wakajua kuna wengine, wakawafukua nao wakala. 

Mnacheka, na ni vizuri, zimetengenezwa ili watu wacheke. Watoto wa Kilakota walilala wakicheka. Lakini mimi nimezisoma na kuzisikiliza hizi stori kwa muda sasa na kuna kitu kimoja nataka mkione leo, nacho ni hiki, kwamba katika hizi hadithi kila mtu anabadilika, mtu anakuwa nyati, jiwe linakuwa mtoto, mwanamke anakuwa na nyuso mbili, lakini kuna kubadilika kwa aina mbili. Kuna kuvaa, na kuna kugeuka. Iktomi ni bingwa wa kuvaa. Anataka kuwa kitu kingine bila kulipa chochote, na bure hiyo haidumu.

Kuna hadithi moja anamuona tausi, anatamani manyoya yake, anamlilia tausi amgeuze. Tausi anakubali kwa sharti moja tu, usijaribu kuruka. Basi Iktomi kawa tausi, anajitazama, mkia wote huo, rangi zote hizo, akatembea nao kidogo halafu akasikia hamu ya kupaa, akajaribu, na pale pale akarudi kuwa Iktomi yule yule. Hakukoma. Akakutana na mtengeneza mishale akaomba awe mshale, nako kukaharibika. Mwisho akamuona mtoto wa paa mwenye madoa meupe mazuri, akamuuliza madoa hayo uliyapataje, mtoto wa paa (huyu naye mjanja) akamwambia mama yangu alinilaza kwenye shimo, akanifunika majani makavu na matawi ya mwerezi, akawasha moto juu yangu. Iktomi akasema nifanyie na mimi. Akajilaza shimoni kwa hiari yake. Nadhani mnajua moto ulimfanya nini.

Na nyingine, naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha ubaya wake na sio upumbavu tu. Kijiji kimoja kilikuwa kinasumbuliwa na tai mwekundu anayeua watu, na kukawa na kijana shujaa, mwenye mshale wa ajabu, ndiye aliyetarajiwa kuja kuwaokoa. Iktomi akamkuta njiani, akamdanganya apande mti, shujaa akavua nguo zake nzuri akaziacha chini, Iktomi akauambia mti ukue umfunge, ukamfunga. Akavaa nguo za yule kijana, akachukua upinde na ule mshale, akaenda kijijini akapokelewa kama mkombozi, akakalishwa pazuri, chifu akaanza kumtazama kama mkwe. Nguo zinafaa kabisa. Ila asubuhi tai akaja, Iktomi akapiga mshale, akakosa. Kesho tena akakosa. Nguo haziwezi kulenga shabaha jamani! Mwenyewe mwenye mshale alipofunguliwa kule mtini na kufika, tai alianguka.

Sasa msije mkaondoka hapa mkisema Iktomi ni kichekesho tu, maana huyo huyo ndiye aliyesababisha mwezi uwe vile ulivyo na ndiye aliyetutoa chini ya ardhi. Ngojeni niwaeleze hii kwa utulivu kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 kule Pine Ridge alikuja daktari mmoja mzungu, James Walker, alikaa kuanzia 1896 mpaka 1914, akawa anaandika yale ambayo wazee wa Oglala, tawi moja la Walakota, walimwambia. Katika maandishi yake kuna hadithi ya karamu ya miungu. Jua anaitwa Wi, mke wake mwezi ni Hanwi, wamekaa pamoja siku zote. Upepo, Tate, ana mke mzuri ajabu anaitwa Ite, kamzalia watoto wa kiume ambao ndio pepo za pande nne. Wazazi wa Ite walikuwa na tamaa ya kupandishwa cheo, na Iktomi akaona hapo pana nafasi, akamnong'oneza Ite wewe uzuri wako unatosha kukaa pembeni ya Jua. Siku ya karamu Hanwi akachelewa, Ite akaenda akakaa kwenye kiti cha Hanwi, na Jua akamtazama akafurahi. Hanwi akaingia, akakuta kiti chake kina mtu. Akajifunika uso kwa shuka lake kwa aibu, na watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Iktomi.

Hukumu ilitolewa na Skan, Anga, ambaye anatisha kuliko wote. Jua akanyang'anywa mke, tangu siku hiyo yeye ni wa mchana na Hanwi ni wa usiku, na kila Hanwi akimkaribia Jua anafunika uso wake, akienda mbali anaufunua kidogo kidogo, na ndio mnaona mwezi unapungua na kujaa. Ite akapewa uso wa pili nyuma ya ule mzuri, uso wa kutisha, akaitwa Anog Ite, mwanamke wa nyuso mbili. Wazazi wake wakafukuzwa mpaka ukingoni mwa dunia. Na Iktomi, ambaye kabla ya hapo kwa maelezo haya haya ya Walker alikuwa na jina lingine, Ksa, alikuwa ni hekima yenyewe, akahukumiwa atembee dunia nzima bila rafiki. 

Hekima yenyewe ndio iligeuka ikawa ulaghai! Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa. Maana hawajasema ujanja ulitoka kwa shetani fulani, wamesema umetoka pale pale kwenye akili, akili ile ile iliyovipa vitu majina. Ndio maana nasema usimfanye Iktomi kuwa ibilisi, ukifanya hivyo umeleta dini nyingine kwenye nyumba ya watu.

Baada ya hapo Iktomi akawa mpweke, hana wa kumchezea, na Anog Ite naye mpweke, ana hamu na watu wake. Na watu wakati huo, yaani binadamu, walikuwa wanaishi chini ya ardhi. Basi wakapatana. Anog Ite akafunga mizigo ya nyama tamu na nguo nzuri zilizotiwa nakshi, wakamtuma mbwa mwitu ashuke nayo kwenye pango awaonyeshe watu, oneni huko juu maisha ni haya. Kijana mmoja jasiri jina lake Tokahe, maana yake wa kwanza, akapanda kuja kuona, akakaribishwa vizuri akala akavaa, akarudi kuwaambia wenzake. Wengine wakaonya, wengine wakamfuata, wanaume sita na familia zao. Walipotoka wakakuta baridi, upepo, njaa, watoto wanalia. Anog Ite akaja kuwabembeleza, shuka likateleza wakaona uso wa pili, wakakimbia wanapiga mayowe, na Iktomi anacheka. Njia ya kurudi hawaijui tena.

(Mama mmoja hapa mbele ametikisa kichwa na kusema hiyo ni hadithi yetu sisi wakimbizi, picha za maisha mazuri halafu unashushwa uwanja wa ndege Februari. Sikuwa nimepanga kulisema hilo lakini amelisema yeye na nimeliandika.)

Waliowaokoa ni nani? Ni wale wazee wawili waliofukuzwa, baba na mama yake Ite, ambao wamekuwa Mzee na Bibi Kizee wa nchi ya baridi. Walioadhibiwa ndio waliowafundisha watu kuwinda, kushona ngozi, kujenga hema. Na hao watu ndio mababu wa Walakota. Wengine wanaisimulia tofauti, kwamba wale wa kwanza waliodanganyika na ile nyama waligeuzwa kuwa nyati, na kwamba Tokahe yeye alikataa kwanza, akaja kutoka baadaye na watu wake kwa wakati uliopangwa, na nyati wale wakawa chakula chao, nguo zao, nyumba zao. Hebu fikiria, kila ukimla nyati unamla ndugu aliyetangulia. Ndio maana unamheshimu.

Pango lenyewe lipo, unaweza kwenda, linaitwa Wind Cave, liko kwenye milima ya Black Hills upande wa pili wa jimbo letu, kwa gari ni saa tano na zaidi kutoka hapa. Serikali ililifanya hifadhi ya taifa mwaka 1903. Mlango wa asili ni tundu dogo ambalo mtu mzima anajipenyeza kwa shida, na linapumua, kweli kabisa, hewa inatoka au inaingia kwa nguvu kutegemea mgandamizo wa hewa ya nje. Walakota wanasema hiyo ni pumzi. Na hiyo milima yenyewe waliahidiwa kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868 kisha wakanyang'anywa dhahabu ilipoonekana, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikiri mwaka 1980 kwamba wanastahili fidia na wao pesa hizo wamekataa kuzichukua hadi leo. Wanataka ardhi. Mkisikia majirani zenu wanaongelea Black Hills kwa uchungu, kumbukeni ni mlango waliotokea duniani.

Nirudi kidogo kwa Walker, maana lazima niwe mkweli. Yule daktari aliviunganisha vipande vipande akatengeneza simulizi moja ndefu iliyonyooka, na miaka ya 1930 Ella Deloria alipopelekwa kuuliza wazee kama wanazijua zile habari, wengi hawakuzitambua katika sura ile. Kwahiyo ile karamu ichukueni kama ya Walker na wazee wachache aliokaa nao, sio kama msahafu wa taifa zima.

Na huyu Ella Deloria mnapaswa kumjua! Alizaliwa 1889 huko Yankton, akakulia Standing Rock, na alisoma sekondari hapa hapa Sioux Falls, shule ya bweni ya All Saints. Akaenda mpaka chuo kikuu cha Columbia, New York, akafanya kazi na mwanaantropolojia Franz Boas, na mwaka 1932 akachapisha mkusanyiko wa hadithi kwa Kidakota chenyewe na tafsiri pembeni, jinsi wazee walivyozitamka, bila kuzipaka sukari. Hadithi za Iktomi ambazo zina matusi na uchafu (zipo nyingi, na leo kuna watoto humu ndani) hakuzificha.

Kwake utaikuta ya Iya. Iya ni zimwi mlafi, anameza vijiji vizima, watu, hema na vyote vilivyomo. Iktomi akakutana naye njiani, akaanza kwa kumbishia nani mkubwa kwa umri, wakaishia kuitana ndugu, kisha kwa sauti ya upole akamuuliza ivi ndugu yangu wewe mkubwa hivi kuna kitu kinakuogopesha kweli? Iya akajibu kwa kiburi, akataja, kelele za njuga na ngoma. Iktomi akakimbia kwa watu akawaambia leteni njuga, leteni ngoma, pigeni. Wakapiga. Iya akafa, na kutoka tumboni mwake watu wakatoka, makambi kwa makambi. Ni ulaghai ule ule uliowaua bata! Mdomo ule ule, sauti ile ile tamu. Halafu mtu anataka nimwambie Iktomi ni mbaya au mzuri, mimi nashindwa, na nadhani hata wazee wa Kidakota hawakutaka mtoto alale na jibu la hilo.

Sasa tuje kwenye kugeuka kwenyewe, kule kunakolipiwa. Kuna Mvulana wa Jiwe. Dada mmoja alikuwa anaishi na kaka zake, wakawa wanatoka kwenda kuwinda mmoja baada ya mwingine hawarudi. Kwa huzuni akameza kijiwe, akitaka kufa, badala yake akapata mimba akazaa mtoto. Mtoto kakua haraka, akawafuata wajomba zake, akakuta bibi kizee analalamika mgongo mjukuu wangu nikanyage kanyage nipate nafuu. Mgongo una kitu chenye ncha kali, ndicho kilichowaua wajomba. Lakini huyu ni jiwe, akakanyaga bibi akafa. Akakuta maiti zimefungwa kama mizigo. Akakata fito za mti, akazikunja kibanda, akafunika ngozi, akachoma mawe mpaka yakawa mekundu, akayamwagia maji, na ndani ya ule mvuke mizigo ikaanza kusogea, wajomba wakafufuka. Hicho ndicho kibanda cha mvuke, inipi, ambacho wanakitumia mpaka leo kusafishwa. Unaingia kwenye giza na joto la kukukosesha pumzi, unatoka mwingine. Linganisha na Iktomi kwenye shimo la moto. Wote wameingia kwenye joto, mmoja alitaka madoa, wengine walitaka uhai.

Na kuna heyoka. Heyoka ni mtu aliyeota ndege wa radi, Wakinyan, na ndoto hiyo sio zawadi tamu hata kidogo, ukiificha radi inakutafuta. Lazima uifanye mbele ya watu, na kuifanya ni kuwa kinyume, unapanda farasi ukitazama nyuma, wakati wa joto unatetemeka, wakati wa baridi unajipepea, unatia mkono kwenye sufuria linalochemka unatoa nyama unasema maji haya ya baridi. Watu wanakucheka. Mtu aliyekuwa mpiganaji wa kuheshimiwa anachekwa na watoto. Ila huyo anayechekwa ana nguvu ya kuponya, na kicheko chake kinafungua watu mioyo. Iktomi anacheka wenzake, heyoka anakubali achekwe yeye. Hapo kwangu ndio kuna tofauti kubwa kuliko zote, na ningekuwa na usiku mzima ningekaa hapo tu.

Anog Ite nimemuacha njiani, niseme neno moja. Mwanamke akimuota yeye anaweza kupata ufundi mkubwa wa kushona nakshi za miiba ya nungunungu kwenye ngozi, kazi nzuri kupita kawaida, lakini ndoto hiyo inakuja na hatari yake. Na wapo pia wanawake paa, warembo wanaowatokea wanaume peke yao porini, na ukitazama chini unaona kwato. Naona watu wa Mombasa na Tanga mnatazamana, nyie mnaelewa bila mimi kueleza.

Aliyegeuka kuliko wote ni Mwanamke Ndama wa Nyati Mweupe, Ptesan Win. Wakati wa njaa watu walituma vijana wawili kutafuta wanyama, wakamuona mwanamke anakuja, mzuri, anang'aa. Mmoja akamtamani vibaya, mwenzake akamwambia acha, huyu ni mtakatifu. Hakusikia, akasogea, wingu likawafunika, lilipoondoka kijana amebaki mifupa. Wa pili akatumwa kambini awaambie watu wajiandae. Yule mwanamke akaja na kiko, chanunpa, akawafundisha kukishika na kuomba nacho, na ibada saba zinahesabiwa kuwa zimetokana naye. Alipoondoka akajiviringisha chini mara nne, kila mara akiinuka nyati wa rangi nyingine, na wa mwisho alikuwa mweupe. Hakuvua nguo akavaa nyingine, alikuwa anajifunua. Hicho kiko kinatunzwa mpaka leo Green Grass kwenye ardhi ya Cheyenne River, na mtunzaji wa 19 ni Arvol Looking Horse. Juni 2024 alizaliwa ndama mweupe wa nyati kule hifadhi ya taifa ya Yellowstone, Walakota na makabila mengine wakafanya sherehe kumpa jina Wakan Gli, na Looking Horse akasema ni baraka na ni onyo pia. 

Nimalizie na jambo ambalo ni la historia sio la hadithi. Mwanamke mwingine wa Yankton, Zitkala-Sa, alizaliwa 1876, akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Indiana. Yeye mwenyewe ameandika jinsi aliposikia watakatwa nywele akajificha chini ya kitanda, wakamburuta, wakamfunga kwenye kiti, wakakata misuko yake. Kwa watu wake nywele fupi zilikuwa za mfiwa na za mwoga. Shule hizo zilitaka kumgeuza mtoto awe kitu kingine kwa mkasi na nguo, lugha yake hairuhusiwi, na tangu 1883 serikali ilishapiga marufuku ngoma na ibada za wenyeji wenyewe. Mtu huyo huyo aliyekatwa nywele alikua, akajifunza Kiingereza chao kuliko wao, na mwaka 1901 akaandika kwa Kiingereza hicho hadithi za Iktomi alizozisikia utotoni karibu na moto. Hadithi ya tausi, ya bata na ya nguo za shujaa nilizowapa leo nimezitoa kwake. Baadaye, 1926, akaanzisha na mumewe baraza la kitaifa la kutetea haki za wenyeji, akapigana mpaka alipofariki 1938. Nywele alikatwa, lugha ngeni alivalishwa, akaichukua hiyo lugha akaipa kazi nyingine kabisa ambayo waliomvalisha hawakuitegemea.

Wazazi, watoto wetu wanavaa lugha ya shule kila asubuhi na wengine jioni hawaivui. Mnajua wenyewe, siongezi.

Kiangazi kikija nendeni Pipestone, ni Minnesota lakini ni karibu, chini ya saa moja na nusu, ndiko linakochimbwa jiwe jekundu la kutengenezea viko. Kuchimba wanaruhusiwa wenyeji waliosajiliwa kwenye makabila yao tu, kwa mikono na nyundo, nyie mnatazama na kuuliza kwa adabu. Na mkifika Bear Butte, ule mlima ulioko karibu na mji wa Sturgis, mtaona vitambaa vya rangi na vifurushi vidogo vya tumbaku vimefungwa kwenye miti njiani. Hizo ni sala za watu. Msiguse, msipige picha, waambieni watoto kabla hamjashuka kwenye gari. Haya, maswali, tuanze na mzee pale aliyenyoosha mkono tangu hadithi ya mwezi.